Ngozi Moja, Vidonda Viwili

Buchani, Karurumo
Saa tisa mchana, na kesho unaenda

Mama,

Bado nakuita hivyo hata ukininunia. Jina la Wawira nililitoa kwa mama yangu mzazi, na mtu haachi kumwita mamake mama eti kwa sababu amefungiwa mlango usoni.

Usishangae kuona mwandiko huu. Najua ulidhani mikono yangu inajua kisu na mzani tu. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa kidato cha pili, na ilikuwa ya msichana fulani (si mamako, na ukimwambia nitakataa). Mwalimu akaikamata, akaisoma mbele ya darasa zima, na mimi nikaona shule haina adabu, nikaiacha. Hivyo ndivyo huwa nasema. Ukweli ni kwamba shule iliniacha kwanza, lakini wewe nyamaza, nina jina la kulinda hapa sokoni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu changu ni cha mdomo, Kimeru cha mamako najua vyakula na matusi peke yake, na Kiingereza kingenipa adabu ambayo sina.

Nimechukua daftari lako la Baiolojia, lile lililobaki karatasi nyingi mwishoni. Usipige kelele, mtihani uliisha. Nyuma ya ukurasa huu kuna picha ya ngozi uliyoichora, na mishale, na majina. Umechora vizuri. Hata nywele umeweka.

Leo sijachinja. Ndoano ziko tupu, mlango nimeufungua nusu, na bado watu wanaingia. Sasa hivi ameingia Mama Muthoni wa mboga.

"Baba Wawira, nipimie matumbo."

"Hakuna matumbo. Hakuna nyama. Hata mimi sipo."

"Na hiyo unaandika ni nini? Wosia?"

"Naandikia msichana wangu."

"Si yuko hapo nyumbani? Nimempita sasa hivi akianika bandeji."

"Mama, leo kula sukuma wiki zako."

Umeona vile unaniaibisha? Mtu mzima anaandikia mtu aliye hatua mia tatu kutoka hapa. Lakini nitafanya nini? Siku sita hujaniongelesha. Mamako amekuwa posta. "Mwambie babako chai iko mezani." Na mimi niko mezani, chai iko mezani, wewe mwenyewe uko mezani. "Mwambie msichana wako nimeiona." Jana mamako aliweka sufuria chini, akasema neno moja la kwao Meru ambalo sitaliandika kwa daftari la shule, akatoka nje, akatuacha tukitazamana kama mbuzi wawili waliokutana darajani. Na hata hivyo hukusema kitu. Kichwa hicho kigumu umekitoa wapi? Usijibu.

Sitakuambia mambo ya sweta. Sitakuambia ule pole pole ili koo lisikwaruzike, wala usikubali mtu akuinue kwa kwapa, wala usivae soksi yenye mshono. Hayo mamako ameyasema hadi kuku wetu wanayajua. Sista Purity, yule nesi wa watafiti, atakuwa na wewe kwa ndege, na anayajua kuliko sisi. Mimi nina yangu, na nilidhani nitaanza na makosa madogo nikipanda, lakini nimekaa hapa nusu saa nikitafuta dogo na sijapata.

Basi nianze na chai.

Ulipozaliwa, mguu wa kushoto haukuwa na ngozi kutoka gotini hadi kwa vidole. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevaa kofia ya kugeuza nyuma, najiona mwanaume wa kwanza Embu nzima kupata mtoto. Nesi alipokufunua nilidhani amenionyesha mwana-mbuzi aliyechunwa. Nilitoka nje nikatapika kwa maua ya hospitali, halafu nikarudi ndani nikapiga mluzi. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa napiga mluzi, na mtu akiona mimi napiga mluzi anadhani sijali.

Mguu ule ulifunga, lakini pengine pakafunguka. Ukiguswa, lengelenge. Ukivalishwa, lengelenge. Ukilia sana ukisugua uso kwa bega la mamako, ngozi ya shavu inabaki kwa leso. Na watu wa huku unawajua, hawawezi kuona bandeji wakapita. Siku moja nje ya kanisa mama mmoja akaniuliza, "Huyu alichomeka?" Nilikuwa nimeulizwa hivyo mara nyingi, nimechoka, na nikaona jibu limeletwa likiwa limeiva. Nikasema, "Ndio. Alimwagikiwa na chai."

Aki, ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeuliza tena kama ni laana ama kama damu yetu ina shida. Chai kila mtu anaijua. Lakini nilisahau kitu kimoja: chai haijimwagi. Lazima kuna mtu aliyeiweka vibaya, na huyo mtu lazima awe mama ya mtoto. Wakaanza kumwangalia Kagendo, mamako, kwa jicho la pembeni. Dada zangu wakaambiana kwamba msichana wa Meru hajui kulea. Wamama wa kikundi wakaacha kumpa watoto wao awashike. Na mamako alijua neno limetoka wapi, na hakunikanusha hata siku moja mbele ya watu. Alininyamazia tu, miaka tisa. Sasa unajua kunyamaza umetoa wapi.

Ni wewe uliyenikamata. Ulikuwa darasa la tatu, umekaa kwa hiyo benchi hapo mlangoni, unakula ndizi iliyoiva sana.

"Baba, ile chai ilinimwagikia lini?"

"Chai gani?"

"Mwalimu amesema nilimwagikiwa na chai na mama. Lakini mama ananiambia nilizaliwa hivi. Nani anadanganya?"

Kulikuwa na wateja watatu. Ningeweza kusema hapo hapo. Nikasema, "Kula ndizi yako." Na wewe ukaila, ukiniangalia, na nikajua umeelewa. Nilimwambia ukweli mteja mmoja mmoja baadaye, kama mtu anayerudisha nyama mbaya, na hakuna aliyeniamini. Uongo ulikuwa umeshakaa kwao miaka. Wengine mpaka leo wanamwita mamako yule wa chai. Nikikuambia usidanganye ili upumzike kuulizwa maswali, si Biblia nakusomea. Nimefanya, na imenishinda kuifuta.

Na hiyo ya damu pia. Nilikuwa nikijisifu sana na damu yetu. Watu wa kwetu warefu, meno meupe, hakuna mgonjwa. Nikikasirika nilikuwa namwambia Kagendo, "Hii kitu imetoka kwenu mlimani." Halafu daktari wa Nairobi akatuketisha, wewe una miaka kumi na mbili, akasema kwa upole kabisa: "Kila mmoja wenu alibeba nusu ya kosa. Mkiwa mbali mbali hakuna anayejua. Mtoto alipata nusu zote mbili." Nikauliza, "Hata mimi?" Akasema, "Hata wewe, mzee." Mzee! Na nina miaka thelathini na moja. Sijui kilichoniuma zaidi. Mamako alinipangusa jasho kwa leso yake, mbele ya daktari. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi.

Nimeruka jani la mgomba, na najua unangoja nifike hapo. Nafika.

Shosho wako wa Gakoromone, mama ya mamako, unavyomjua, ameuza ndizi pale sokoni Meru tangu mamako hajazaliwa. Alikuja kukuona ukiwa na wiki mbili, na gunia. Nikafikiri ni ndizi. Kufungua, ni majani. Majani ya mgomba, yale machanga ya katikati, ameyapitisha kwa moto yakalainika, ameyakunja kama mashuka. Akachemsha maji, akayaosha tena, akakata vipande, akakufunga nayo mguu. Akasema kwa kwao mtu akiungua wanamlaza kwa jani, kwa sababu jani halishiki. Unaliondoa na kidonda hakijui.

Na mimi nikafanya nini? Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, huyu ni mtoto, si mukimo wa harusi wa kufunikwa majani." Nikamwuliza kama amekuja kukuivisha. Shosho akaniangalia kutoka kofia hadi viatu, akamwambia mamako neno kwa Kimeru, na mamako akakataa kunitafsiria mpaka leo.

Waliendelea na majani nikiwa sipo. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta umefungwa kijani, na nilikuwa naona haya, mama. Hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa nimefungua bucha yangu mwenyewe, nina bango la rangi, na mtoto wangu amefungwa majani kama watu wa zamani. Nikaamua nitaonyesha watu vile baba wa kisasa hutibu. Nilienda Runyenjes kwa duka la dawa, nikanunua plasta pana, ile nyeupe inayonata, ya kutoka nje. Ulikuwa na miaka mitano. Kidonda cha mgongo kilikuwa kidogo wakati huo, kama kifuniko cha chupa. Nikakifunga vizuri sana, nikapitisha plasta kutoka bega hadi bega ili isitoke. Mamako akasema, "Hiyo itashika." Nikamwambia, "Ndiyo kazi ya plasta, kushika."

Siku ya tatu nikakuleta hapa buchani kukubadilisha mbele ya marafiki zangu, ili waone. Nikashika ncha ya plasta nikavuta mara moja, kwa sababu nimesikia ukivuta haraka haiumi.

Sitaandika kilichotoka na plasta. Wewe hukumbuki kuona, kwa sababu kilikuwa nyuma yako. Mimi nilikuwa mbele yake. Kazi yangu ni kutenganisha ngozi na nyama, nimefanya hivyo na mbuzi sijui wangapi, na nakuambia sikuwahi kuona ngozi ikikubali kirahisi hivyo.

Ulilia halafu ukanyamaza kabisa. Mmoja wa wale marafiki, huyo wa bodaboda, alikuinua kwa mikono miwili chini ya makalio kama mtu anayebeba trei ya mayai, akakupeleka nyumbani. Mimi nilibaki nimesimama na plasta mkononi. Mamako hakupiga kelele. Alienda nyuma ya nyumba kwa mgomba, akakata jani.

Tangu siku hiyo sijakushika. Umeona? Umeona, wewe huona kila kitu. Nilikuwa nakutania, nakuitia jina, nakurushia kofia, lakini mkono wangu haujakufikia. Watu walisema ni heshima kwa sababu una jina la mama yangu. Nikawaacha waseme.

Sasa, Nairobi. Hiyo siku ya nusu ya kosa, daktari alifungua bandeji ya mgongo wako akaona jani. Nikangoja atutukane. Akalishika kwa koleo, akaliinua juu ya taa, akasema, "Nani aliwafundisha hii? Kuna watu huku wanatumia bandeji za bei kubwa ambazo hazifanyi kazi hii vizuri." Na mimi, mwanaume mzima, nikasema, "Mimi."

Mamako aligeuka akaangalia dirisha. Wewe uliniangalia mimi. Miaka sita imepita na nikifunga macho naona hayo macho yako. Shosho hakujua mpaka leo kwamba daktari alimsifu. Nimempigia leo asubuhi nikamwambia. Alikuwa sokoni, kelele nyingi, nikarudia mara tatu. Akasema, "Sasa ndio unaniambia, na nimebaki na meno manne?" Akakata simu. Halafu akapiga tena kusema anakuombea.

Lakini siku hiyo nilipata kitu kimoja kizuri, na hapa wacha nijisifu kidogo maana barua imenipiga sana. Daktari alikuwa anaeleza ugonjwa, nesi wake haelewi, mamako haelewi, wewe unajifanya unaelewa. Mimi nikasema, "Daktari, ukichuna mbuzi, unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, na kuna utando mweupe, nyuzi nyuzi, zinazokataa. Lazima uzisukume. Sasa huyu wangu, hizo nyuzi hana." Daktari akaacha kalamu. Akasema, "Hivyo hasa. Nitaanza kuwaelezea watu hivyo." Mimi, wa kidato cha pili! Nilitembea Nairobi siku hiyo kama nimeinunua.

Kwa hivyo waliposema kuna watafiti ng'ambo wanaotengeneza ngozi, mimi nilielewa kabla ya nyinyi wote. Wanachukua kipande chako kidogo, mahali ambapo hapajaharibika. Wanazitoa zile seli, wanaziingizia maandishi ambayo yako yalikosewa, yale ya kutengeneza nyuzi. Yanabebwa na kirusi ambacho wamekitoa meno, kinaingia, kinaacha mzigo, basi. Halafu wanaziotesha kwa sahani, kama miche kwa kitalu, wiki kadhaa, mpaka zinakuwa shuka nyembamba ya ngozi. Yako mwenyewe, lakini iliyorekebishwa. Wanaishona juu ya kidonda. Na ikishika, inashika na nyuzi zake.

Nilifurahi, Wawira. Nilichinja beberu. Nilitangazia soko lote kwamba msichana wangu anaenda kuoteshwa ngozi, na yule wa bodaboda akaniuliza kama watakuotesha na manyoya.

Halafu wiki iliyopita Sista Purity akapiga simu, eti nielewe kila kitu kabla hujasafiri.

"Baba Wawira, wanachagua vidonda viwili vinavyotoshana. Kwa Wawira ni cha mgongo na cha nyonga. Kimoja kitawekwa ngozi mpya. Kingine kitaendelea na bandeji ya kawaida, ili walinganishe."

"Kwa nini wasiweke vyote?"

"Watajuaje kama ni ngozi imefanya kazi, ama kidonda kilijifunga chenyewe?"

"Hicho cha mgongo hakijawahi kujifunga miaka kumi na tatu! Nitawaandikia barua waambiwe."

"Ndio maana wanahitaji watu kama yeye."

"Sawa. Basi waweke kwa mgongo."

"Hawachagui. Ni kura. Kompyuta ndiyo inapiga."

Mama, nilichemka. Nikamwambia sijawahi kuona mtu akitibu nusu ya mtoto. Nikamwuliza huyo kompyuta amezaa wangapi. Yule dada wa watu alinivumilia, akanieleza tena na tena, na mimi nikasema wasiponiahidi mgongo, wewe huendi. Nikakata simu. Nikapiga mluzi.

Halafu ukaingia hapa, umeshika kitambulisho na hivyo vidole vyako vya kushoto vilivyoshikana kwa makovu, ukakiweka kwa mzani, juu ya damu ya nyama.

"Baba, soma tarehe."

"Najua tarehe, nilikuwepo."

"Basi unajua nina miaka kumi na nane. Wamenipigia. Walikuwa karibu kumpa mtu mwingine nafasi yangu. Nimewaambia naenda, kura ianguke popote. Mimi si mbuzi wako."

"Nataka upone mgongo! Kuna ubaya gani? Daktari alisema kidonda kikikaa wazi miaka mingi kinaweza kugeuka saratani. Hukusikia?"

"Nilisikia. Na nyonga pia ni kidonda. Nyonga ndiyo inaninyima kulala. Ulishawahi kuniuliza ni kipi kinaniuma zaidi?"

Nikaanza kupanga mawe ya mzani.

"Unataka cha mgongo kwa sababu hicho ni chako," ukasema. Ukachukua kitambulisho, ukapangusa damu kwa aproni yangu, ukaenda. Tangu hapo, posta.

Nimekaa na hilo neno siku sita. Nimelikasirikia. Nilipanga kukujibu vizuri, nina majibu, unanijua. Nilimwambia mamako umekosa heshima. Akaniuliza, "Amesema uongo?" Nikaenda kunoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Sikudanganya kuhusu saratani. Naiogopa mpaka nikiona jina lake limeandikwa kwa ukuta wa zahanati nageuza uso. Lakini si hiyo tu. Nilikuwa nimeshaona picha yote kichwani. Unarudi, mgongo umefunga, laini, nyuzi zote ziko. Nakuona kwa mlango na hatuongei juu yake. Kimeisha. Hakuna tena mahali ilipoandikwa kwamba niliwahi kuvuta plasta mbele ya marafiki. Nilitaka hao watu na sahani zao waninyamazishe hicho kidonda ili nisilazimike kukuomba msamaha. Na sikuwahi kukuomba. Nimehesabu leo, nikidhani labda mara moja, labda nikiwa nimelewa. Hakuna. Nimekupa kofia, simu, mbuzi wa kufuga, jina la utani kila mwezi. Neno lenyewe, hapana.

Na nyonga sikuwa najua. Hiyo ndiyo imenivunja zaidi. Miaka yote nimelinda kidonda kimoja kwa macho kama mlinzi wa benki, na wewe ulikuwa unaumwa na kingine, huko upande ambao sikuwa naangalia.

Kwa hivyo nimempigia Sista Purity leo, baada ya Shosho. Nimemwomba msamaha kwa ile ya kompyuta. Alicheka, alisema amewahi kuambiwa mabaya zaidi na mchungaji. Nikamwuliza kama kuna mahali baba anaweka sahihi. Akasema hakuna, sahihi ni yako peke yako, na hata ukifika kwa mlango wa chumba cha upasuaji ukibadilisha nia, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Nikamwuliza pia, ikishika upande mmoja, watakupa na wa pili? Akasema huenda, baadaye, hawezi kuahidi. Nikamwuliza, na isiposhika kabisa? Akasema inawezekana pia, na ndiyo maana hawasemi dawa, wanasema utafiti. Sikumpigia kelele. Mwambie mamako, hataamini.

Usiku huwezi kunipata nikiandika, kwa hivyo namaliza sasa mwanga ukiwepo. Naifunga hii barua, naiweka ndani ya begi lako chini ya bandeji, na utaipata ukifika, wakati huwezi kunifungia mlango. Ndiyo, ni ujanja. Nimekuwa mjanja tangu zamani. Lakini kuna neno moja ambalo si haki nilifiche chini ya bandeji, kwa hivyo hilo nitakuja kulisema leo, kwa mdomo, nikitoka hapa, hata ukiendelea kuanika na hunitazami. Ukisoma hii utajua kama niliweza ama nilipiga mluzi. Kama nilipiga mluzi, basi lichukue hapa: nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyevuta.

Na hiyo kura. Ikianguka mgongoni, sawa. Ikianguka kwa nyonga, wape nyonga, ulale usingizi, na usinifikirie hata dakika moja. Mgongo ulikuwa kosa langu. Haujawahi kuwa mali yangu.

Ni mimi babako, ninayefunga bucha mapema leo kwa mara ya kwanza bila sababu ya mazishi,

Baba Wawira